Kuongeza RAM ya kampuni nyingine: ipi ya kununua

Una RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja ya GB 8, sloti ya pili iko wazi, na dukani hawana ya kampuni uliyo nayo. Nunua tu. Chipu nyingi za RAM hutoka Samsung, SK Hynix na Micron. Kingston na Corsair huzinunua na kuziuza kwa jina lao. Hata RAM mbili za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti.

Chaguo la kwanza, mfuko ukiruhusu, ni pakiti ya RAM mbili zinazouzwa pamoja, kisha uiuze ya zamani. Hizo zimeshapimwa pamoja. Kwa DDR5, kizazi kipya cha RAM kilichofuata DDR4, ningeng'ang'ania hapo hapo: kasi yake ni kubwa, na mchanganyiko huisumbua zaidi.

Kwa DDR4 ya kawaida, chaguo la pili linatosha kabisa: kampuni yoyote, mradi ukubwa, kasi na volti vilingane. Chomoa uliyo nayo usome kibandiko. Ukikuta 8GB 1Rx8 PC4-2666V-S, maana yake ni GB 8, mpangilio wa chipu (1Rx8), DDR4 (PC4), kasi ya 2666, na S ni umbo la laptopu. Kompyuta ya mezani huwa na U. Ukiona R, hiyo ni ya seva. Iache hata ikiwa bei ya kutupa.

La tatu ni kasi tofauti. Ukiweka 3200 pembeni ya 2666, zote zitakwenda kwa 2666. Usilipie zaidi kasi usiyoitumia.

La nne, ukubwa tofauti. Kwa 8 na 16, kompyuta nyingi huoanisha GB 16 za mwanzo (8 kutoka kila RAM), na 8 zinazobaki hufanya kazi peke yake, polepole kidogo. Bado ni afadhali sana kuliko kubaki na 8.

DDR3 kwenye sloti ya DDR4 haiingii, pengo halilingani, usiilazimishe. Na laptopu nyingine RAM yake imechomelewa, haina sloti. Fungua uhakikishe kabla ya kutoa hela.

Ukishaziweka, zima XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM kasi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, halafu acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, jaribu kila RAM peke yake. Zikipita zote, tatizo ni kuelewana kwao: rudisha mpya, kwa hiyo ulizia masharti ya kurudisha kabla hujalipa.