Kuficha waya wa kadi ya grafiki: kipi cha kununua kwanza

Unajenga kompyuta ya mezani hapa Dodoma na ule waya mnene unaoning'inia nyuma ya kioo cha kasha unakukera? Kabla hujatoa hela, jiulize kama kadi yako inauhitaji. Tundu la PCIe la mazabodi (bodi kuu), yaani pale kadi inapochomekwa, linatoa hadi wati 75. Kadi ya RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 na GTX 1650 nyingi zinatosheka na hizo 75, kwa hiyo hakuna waya wa kuficha. Kwa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayehariri video na kupiga gemu kidogo, hii ndiyo namba moja yangu. Inazifaa hata Dell za mtumba za maofisini, ambazo nyingi hazina waya wa kadi. Pima nafasi tu, maana nyingine ni nyembamba mno.

Namba mbili: mwenye kadi kubwa anunue pawa saplai inayochomoleka nyaya, yenye waya wake wa 12V-2x6, plagi mpya ya umeme wa kadi. Waya huo mmoja unabeba hadi wati 600, na unaachana na adapta ya mikia mitatu au minne. Upitishe nyuma ya mazabodi, utokee kwenye tundu lililo karibu na kadi. Kisha shika rula: kuanzia kwenye plagi, waya uende umenyooka kama sentimita 3.5 ndipo ukunjwe. Kioo kikiugandamiza, tafuta kasha pana zaidi. Plagi nayo isukume mpaka izame yote. Mwaka 2022 plagi za RTX 4090 kadhaa ziliyeyuka, na kutoingia vizuri ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa.

Namba tatu ni Sapphire Nitro+ RX 9070 XT, ambayo plagi yake imejificha chini ya kifuniko cha sumaku. Safi sana, ukiipata.

BTF, mfumo wa ASUS wa kuunganisha nyaya kwa nyuma, ndiyo inayoficha kabisa: kadi ina mguu wa pili unaozama kwenye mazabodi, umeme unaingilia nyuma. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya mfuko, kwani mazabodi, kadi na kasha vyote viendane na mfumo huo. Muuzaji akikuambia Project Zero ya MSI ni kitu kilekile, mkatalie. Ile inaficha nyaya za mazabodi, wa kadi unabaki mbele.

Nyaya za kurefushia zilizosukwa kwa rangi ni urembo tu. Adapta za kona ziache: mwaka 2024 za kampuni ya CableMod za 12VHPWR (plagi iliyotangulia 12V-2x6) zilirudishwa rasmi Marekani kwa hatari ya kuungua.

Na usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia, kwani mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana na unaweza kuunguza kadi. Ukiagiza Kariakoo, mwambie fundi akutumie picha ya matundu na nyaya zake kabla mzigo haujapanda basi.