Kitabu cha picha za Giotto: tazama ukurasa huu unaokunjuka!

Jamani karibuni tena! Leo sina subira hata kidogo. Hiki hapa ni kitabu cha picha za Giotto, yule mchoraji Mwitaliano wa zamani, zile za ukutani za kikanisa cha Scrovegni kule Padova, Italia. Ukubwa mnauona, karatasi nzito, tusonge. Mimi nataka ukurasa huu hapa.

Nakunjua... bado... haya! Picha inaitwa Maombolezo. Yesu kashushwa msalabani. Fuata kidole changu: jabali linashuka kutoka kulia, linashuka, linaishia wapi? Kwenye uso wa Maria, kamwinamia mwanawe kabisa. Sasa angalia hawa wawili waliokaa chini mbele. Wametupa mgongo! Hii ni kazi ya mwaka 1305 hivi, zama ambazo watakatifu walichorwa wakikutazama wewe, bapa, nyuma yao dhahabu tupu. Huu mgongo una uzito, ndugu zangu. Nguo imevutwa, ndani yake kuna mwili. Ni kama umefika msibani ukakaa nyuma ya waliotangulia. Na yote haya kwenye lipu mbichi, ambayo ukichelewa inakauka!

Kile kitabu kingine nilichowaonyesha mwaka jana, picha hii hii ilimezwa na mshono katikati. Niliudhika mpaka nikakigawa.

Uzito huo wa miili ndio aliouchukua mchoraji mwingine, Masaccio, kule Firenze, Italia, miaka ya 1420, kwenye kikanisa cha Brancacci. Zaidi ya miaka 100 baadaye! Michelangelo naye, yule mchongaji na mchoraji maarufu, ujanani alinakili kwa kalamu watu wa Giotto kutoka kanisa la Santa Croce, hapo hapo Firenze, na mchoro wenyewe upo Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Humu wameuchapa mdogo kama stempu. Hapo wamenikera kwelikweli, maana ndio ushahidi wenyewe kwamba alijifunza kwa Giotto.

Bei? Laki mbili na nusu, ushuru juu. Jana nilikuwa nimeamua niwaambie msinunue. Leo nimeukunjua huu ukurasa mara ya nne na nasema changeni hata watu watatu, mkinunue.

Ijumaa tupo mubashara: Bikira Maria wa Cimabue, mchoraji aliyemtangulia Giotto, na wa Giotto mwenyewe, wote wako Uffizi, jumba la makumbusho la Firenze, tutawaweka pamoja. Bonyezeni kengele.

Ngoja, kamera rudi huku juu. Huyu malaika, mmemwona mikono yake ilipo? Sogea. Sogea zaidi.