Mionzi kwanza, kisu baadaye: tathmini yangu baada ya kutibiwa saratani ya paja

Nyota nne kwa mionzi, nne kwa upasuaji, mbili kwa mambo yaliyo katikati yake. Nimeanza na alama kwa sababu tangu nirudi nyumbani watu huniuliza, "Hospitali ile ni nzuri?" wakitaka ndiyo au la, na mimi siwezi kuwajibu hivyo. Jina la hospitali silitaji. Walionitibu walifanya kazi yao vizuri, na yale nitakayoyalalamikia nimesikia wagonjwa wa hospitali nyingine wakiyalalamikia pia.

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Nashona kanzu, na Disemba na Januari sare za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na uvimbe ulinitokea paja la kulia, upande wa ndani, chini kabisa ya nyama. Haukuuma. Ningekuwa nimeumia ningekwenda mapema, lakini kitu kisichouma na suruali zinakifunika, mtu hukiacha tu.

Kuna zahanati moja mjini ilitaka kuutoa siku ile ile kwa sindano ya ganzi. Waliubonyeza wakasema ni mafuta, nusu saa umekwisha. Binti yangu ni muuguzi, nikampigia simu nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la zahanati. Akaniambia, "Baba, toka hapo. Hakuna anayekukata kabla hujapigwa picha." Alikuwa na sababu. Uvimbe uliopita sentimita 5, au ulio chini ya misuli, au unaoendelea kukua, haukatwi kwa kubahatisha. Hupigwa kwanza picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha nyama za ndani, kisha sindano nene huchukua kinyama kikapimwe. Ukikatwa ovyo na kumbe ni saratani, mbegu zake humwagika kwenye nyama safi iliyokuwa jirani, na hapo daktari wa upasuaji na daktari wa mionzi wote wawili hulazimika kushughulikia eneo kubwa kuliko lile la mwanzo. Hata njia ya hiyo sindano ya kupimia hupangwa, ipite mahali ambapo kisu kitapita baadaye ili ikatolewe pamoja na uvimbe.

Majibu yalikuja: sakoma ya tishu laini. Ni saratani ya nyama na misuli, haionekani mara nyingi, na ndiyo sababu nilielekezwa Nairobi. Mionzi siku hizi ipo hata kwetu Mombasa, na Nakuru, na Garissa. Mimi nilimfuata daktari wa upasuaji mwenye uzoefu na uvimbe wa miguu, naye alitaka wanaonipiga mionzi wawe watu anaoweza kuwaendea na kuongea nao.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nitoe hizo nyota nne. Kabla ya kulipa chochote zaidi ya picha, nilijadiliwa kwenye kikao cha madaktari. Sikuwemo, lakini niliitwa baadaye nikaelezwa na daktari wa upasuaji na wa mionzi wakiwa wamekaa chumba kimoja, picha yangu ikiwa kwenye kompyuta mbele yetu sote. Hilo kwangu lilikuwa jipya. Nimezoea daktari huyu kukwambia lake, ukienda kwa mwenzake unaanza hadithi upya.

Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole lakini asiyezungusha maneno, aliniambia kwamba zamani mguu kama wangu ungekatwa. Kilichobadilisha mambo ni kuunganisha tiba mbili. Marekani, Taasisi ya Taifa ya Saratani ilitoa mwaka 1982 matokeo ya utafiti wa wagonjwa 43: wengine walikatwa kiungo, wengine walitolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi. Waliobakiwa na viungo vyao, 27, walirudiwa na uvimbe mahali pale pale wanne, waliokatwa hakuna. Lakini kwa kuishi, makundi mawili hayakutofautiana. Hayo nilimwomba ayarudie mara mbili. Utafiti mdogo, alisema mwenyewe, lakini uliipa nguvu njia ya kuokoa miguu.

Mbona kisifanyike kimoja tu, mionzi au upasuaji? Niliuliza, maana gharama ni mbili. Daktari wa mionzi akanionyesha kwenye picha. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ulipita kando ya uvimbe, karibu sana. Kisu kinatakiwa kitoe uvimbe pamoja na nyama safi kuuzunguka, kama mimi ninavyokata kitambaa nikiacha inchi ya kupindia. Lakini upande wa mshipa, inchi hiyo haipo. Hapo ndipo mionzi inapofanya kazi, kuua mbegu zisizoonekana pembeni. Na mionzi peke yake nayo hushindwa na uvimbe mkubwa, kwa sababu katikati yake damu haifiki vizuri, na mbegu zisizopata oksijeni hustahimili mionzi. Kila kimoja kinamaliza pale mwenzake anapoishia.

Halafu likaja swali ambalo sikujua kama mgonjwa huulizwa: mionzi kabla au baada?

Nimelikalia swali hili sana, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Kuna utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2002 uliolinganisha njia hizi mbili kwa sakoma za mikono na miguu. Wanaopigwa mionzi kwanza hupata dozi ya grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi); wanaopigwa baada ya upasuaji hupata 66, na eneo linalopigwa huwa kubwa zaidi kwa sababu lazima lifunike kidonda chote na kovu. Ubaya wa kuanza na mionzi ni kidonda: katika kila wagonjwa 100 walioanza na mionzi, 35 walipata matatizo ya kidonda baada ya upasuaji, na kwa walioanza na kisu ni 17. Mara mbili! Ubaya wa kumalizia na mionzi huja polepole: nyama hukakamaa, mguu huvimba, kiungo huwa kigumu, na hilo halina dawa ya kulirudisha. Walipofuatiliwa baada ya miaka miwili, kukakamaa kwa nyama kulionekana zaidi kwa waliomalizia na mionzi, ingawa tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kukata shauri. Kidonda hupona, hata kikichelewa.

Daktari akaniuliza, "Mzee, kazi yako ni ipi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi fikiria goti na paja lako miaka kumi ijayo." Nikachagua mionzi kwanza. Mwingine mwenye kisukari, au anayevuta sigara, au asiye na mtu wa kumfunga kidonda nyumbani, huenda angechagua kinyume na asiwe amekosea.

Mionzi yenyewe. Nilikwenda na treni, Miritini hadi Syokimau, nikafikia kwa mpwa wangu Pangani. Siku ya kwanza hupigwi, unapimwa. Wanakulaza kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, mguu wanaulaza kwenye mto ambao ukinyonywa hewa hukakamaa na kushika umbo la mguu wako, na mto huo huandikwa jina lako ukasubiri kila siku. Mguu mwingine uliwekwa kando usipitiwe na mionzi. Kijana wa mashine alinichora kwa kalamu kisha akanitia vitone vitatu vya wino kwa sindano, vidogo kama vile vya kalamu ya biki, navyo ninavyo mpaka leo. Nilimtazama anavyolinganisha mstari wa taa nyekundu na vitone, akisogeza mguu milimita huku, milimita kule, akirudi kutazama tena. Nimefundisha vijana wengi kushona, na sijapata mwenye subira ile. Alinieleza pia kwamba kuna ukanda wa ngozi ya paja, upande wa nyuma, ambao kwa makusudi haupigwi mionzi, ili maji ya mwili yapate njia ya kupanda na mguu usivimbe.

Vipindi ni 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Mashine ni ile inayotengeneza mionzi kwa umeme, si ya kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe. Inakuzunguka, inalia kidogo, huhisi kitu. Kulala mezani na kupangwa ndiko kunakochukua muda. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Kufikia wiki ya nne ngozi iligeuka nyeusi ikawa inawasha na kuungua. Waliniambia maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, nguo ya pamba isiyobana. Nilivaa kikoi wiki zote zile, nikaingia nacho hospitalini, na hakuna aliyenishangaa. Vijana wa suruali za kubana, mjue tu.

Uvimbe haukupungua. Nasema hili kwa sababu mwenzangu mmoja wa kwenye foleni alikata tamaa akidhani mionzi haikumfaa. Kwa sakoma ndivyo ilivyo mara nyingi. Kinachobadilika ni gamba lake la nje, hukakamaa, na mbegu za pembeni hufa, ili kisu kikija kipate mahali pa kupita.

Sasa zile nyota mbili.

Wiki ya tatu mashine iliharibika. Mashine huharibika, silalamikii hilo. Ninalalamikia kwamba tulikaa kwenye viti mpaka saa saba mchana ndipo mtu akaja kutuambia twende nyumbani, na miongoni mwetu kulikuwa na mama aliyetoka Kitui alfajiri. Ujumbe wa simu ungetosha. Na hakuna aliyetwambia vipindi tulivyokosa vitafidiwa vipi. Ilibidi niulize mwenyewe, daktari akakubali kwamba kukaa siku nyingi katikati ya mionzi si vizuri na akapanga Jumamosi. Usipouliza je?

La pili ndilo lililoniudhi zaidi. Upasuaji hutakiwa ufanywe takribani wiki nne hadi sita baada ya mionzi kwisha: ngozi iwe imetulia, lakini nyama isiwe imeanza kukakamaa. Madaktari wote wawili walijua hivyo. Ofisi ya kupanga chumba cha upasuaji haikujua. Faili langu lilibaki idara ya mionzi, na nilipopiga simu kutoka Mombasa niliambiwa nitapewa tarehe "zamu ikifika", kama mtu anayengoja kutolewa jino. Binti yangu ndiye aliyempigia daktari moja kwa moja, na tarehe ikapatikana ndani ya muda. Bila yeye sijui. Gharama nazo zililetwa vipande vipande: karatasi ya mionzi siku moja, ya upasuaji wiki nyingine, ya kitanda baadaye, na kibali cha bima kikaombwa upya kwa kila karatasi. Ikiwa tiba ni moja yenye sehemu mbili, mbona karatasi isiwe moja?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Niliamka na mpira wa kutolea maji ya kidonda na mguu wangu wote, nikahesabu vidole vyake. Majibu ya maabara yalisema kingo ni safi pande zote, nyembamba upande wa mshipa kama walivyotarajia. Kidonda, hata hivyo, nilikuwa miongoni mwa wale 35: mshono ulifumuka sehemu ya chini, karibu urefu wa kidole. Sista wa wodi alinifundisha mimi na mke wangu kukisafisha na kukifunga, akatusimamia mpaka mke wangu akafanya bila kuelekezwa. Kilifunga chenyewe, taratibu, bila kurudi chumba cha upasuaji. Sista yule nampa nyota tano peke yake.

Mazoezi ya mguu ndiyo nisiyoridhika nayo. Nilipewa karatasi ya Kiingereza yenye michoro na miadi moja tu na mtaalamu wa viungo. Mguu uliopigwa mionzi na kukatwa msuli hauhitaji karatasi, unahitaji mtu. Nimempata mtaalamu hapa Mombasa kwa fedha zangu, na sasa nakanyaga cherehani asubuhi. Jioni nashona kwa mkono au nawaachia vijana.

Kila miezi michache narudi kupigwa picha ya kifua, maana sakoma ikitoroka hupenda mapafu, na MRI ya paja. Mpaka sasa ni safi.

Anayekwenda kwa tiba kama hii, popote aendapo, aulize mambo haya kabla ya kulipa: kesi yangu imejadiliwa na daktari wa upasuaji na wa mionzi pamoja? Nani atanipa tarehe ya upasuaji, na namba yake ya simu ni ipi? Mashine ikiharibika nitafidiwa siku gani? Wakikosa jibu la swali la kwanza, mimi ningetafuta pengine. Haya mengine mawili unaweza kuyasukuma mwenyewe ukiwa na mtu wa kupiga simu.

Suala la mazoezi na lile la karatasi za gharama nimewaandikia kwa barua na kuipeleka ofisi ya huduma kwa wateja, nikapigiwa muhuri kwenye nakala. Wakijibu nitaongeza hapa chini.