pyenv kwa mwenye kompyuta moja na miradi mingi: tathmini kutoka Mbeya

Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12. Sasa chukulia umekabidhiwa mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi, ulioandikwa kwa Django 3.2, fremu ya Python ya kutengenezea programu za wavuti. Django hiyo mwisho wake ni Python 3.10, na moduli ya distutils ambayo bado inaiita iliondolewa kwenye 3.12 iliyotoka Oktoba 2023. Mfumo hauwaki. Hapo wengi hukimbilia kuigeuza /usr/bin/python3 ielekee toleo jingine, na ndipo wanapoiharibu mashine: zana za Ubuntu zenyewe zinategemea Python iliyokuja nazo, hivyo apt, zana ya kusakinisha programu, inaanza kulalamikia moduli yake ya apt_pkg na hata terminali inaweza kugoma kufunguka. Python ya mfumo usiiguse kabisa.

pyenv, zana ya kusakinisha matoleo mengi ya Python na kuchagua la kila mradi, haiigusi, na ndiyo sifa yake kubwa. Kila toleo linakaa kwenye folda yake ndani ya ~/.pyenv/versions, huku ~/.pyenv/shims, folda ya amri ndogo zinazokuelekeza kwenye toleo sahihi, ikitangulia kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri). Ukiandika python, pyenv inaangalia kwanza PYENV_VERSION, kisha faili la .python-version kwenye folda uliyomo au zilizo juu yake, na mwisho toleo uliloliweka kwa pyenv global. Ukishalisakinisha toleo kwa pyenv install 3.10.14, ingia kwenye folda ya mradi, andika pyenv local 3.10.14, basi. Faili la .python-version linalotokea hapo lina mstari mmoja tu. Liweke kwenye Git ili mwenzako aliyeko Iringa ajue toleo la kusakinisha bila kukupigia simu.

Udhaifu wake ni kwamba kwenye Linux inajenga Python kutoka msimbo chanzo. Kwenye mashine yenye kora nne ni dakika chache, lakini Celeron kongwe inaweza kumaliza robo saa au zaidi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Kabla ya yote sakinisha hivi:

sudo apt-get install build-essential curl git libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libffi-dev liblzma-dev tk-dev

Ukikosa libssl-dev, ujenzi unakatika ukikuambia ssl haikujengwa. Hiyo ni afadhali. Baya zaidi ni kukosa libffi-dev au libsqlite3-dev: ujenzi unakamilika kwa onyo tu, halafu siku za mbele unakutana na kosa la _ctypes au _sqlite3 ukadhani Django ndiyo mbovu. Soma maonyo ya mwisho kabla hujafunga dirisha. Ukishaongeza maktaba iliyokosekana, lijenge toleo hilo upya kwa pyenv install -f, maana kuiongeza peke yake hakubadilishi Python iliyokwisha kujengwa.

Kwa wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, au ofisi yoyote inayoishi kwa bando, kuna jambo ambalo watu wachache wanalitumia. Tengeneza folda ya ~/.pyenv/cache kabla ya kusakinisha. Ikiwepo, pyenv inahifadhi humo kifurushi ilichokipakua, kama Python-3.10.14.tar.xz, ambacho ni takribani MB 20. Kinakili kwa flashi kwenye folda hiyohiyo ya mashine nyingine bila kubadilisha jina, na pyenv install 3.10.14 itajenga bila intaneti. Inakagua kwanza alama ya uhakiki, kwa hiyo faili lililonakiliwa nusu halipiti. Maktaba za Ubuntu nazo unaweza kuzihamisha kutoka /var/cache/apt/archives, mradi mashine zote ziwe na toleo moja la Ubuntu. Ndiyo maana hapo juu tumeandika apt-get: apt ya kawaida hufuta vifurushi ikishamaliza kuvisakinisha.

Mengine ni madogo ila yanasumbua. Toleo jipya lisipoonekana kwenye pyenv install --list, pyenv yako imechakaa. Endesha pyenv update. Cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) na sudo kwa kawaida hazioni shims, kwa hiyo huko andika njia kamili, ~/.pyenv/versions/3.10.14/bin/python. Na pyenv haitenganishi maktaba za miradi: bado unahitaji kumpa kila mradi mazingira yake (venv) kwa python -m venv .venv, na ukiliondoa toleo, kila venv iliyotokana nalo inakufa.

Mpinzani wake ni uv ya Astral, iliyotoka Februari 2024. Yenyewe inapakua Python iliyokwisha kujengwa, kwa hiyo hakuna kusubiri wala kuhangaika na libffi-dev. Mwenye mashine dhaifu na bando la kutosha achukue uv bila kusita. Kwa maabara ya kompyuta kumi na modemu moja, bado tunaipa pyenv nafasi ya kwanza kwa sababu ya ile cache. Walioko Windows watumie WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kwa kuwa pyenv yenyewe haiendi humo moja kwa moja. Pyenv-win ni mradi mwingine, na maelekezo ya ujenzi yaliyo hapa hayaihusu.