TAHADHARI: Muuza picha za jangwa anayezunguka Mtwara na Lindi ni tapeli

Wadau wa Mtwara, Lindi na Masasi, wenye nyumba za wageni, saluni, zahanati, ofisi, yeyote anayepamba ukuta: kuna kaka anazunguka akiuza picha kubwa za jangwa zenye fremu. Anajitambulisha kuwa ni mpiga picha wa sanaa na kwamba kazi zote ni zake. Ni tapeli. Kanipiga sh. 1,850,000, na alichokitundika kwangu ni uchafu uliofunikwa kioo.

Mnaonifahamu mnajua ukarabati wa nyumba yangu ya wageni ya Shangani ulivyonitoa jasho, na kwa nini ilikuwa lazima mapokezi yakamilike kabla minada ya korosho haijaanza na wageni hawajafurika. Rangi ilishapigwa, nyeupe. Ukuta mrefu nyuma ya kaunta ulikuwa mtupu. Sikutaka tena majahazi na machweo, bahari mgeni anaiona akifungua dirisha. Nilitaka jangwa. Picha nzuri ya jangwa ina vitu vichache sana: tuta la mchanga, anga, na ule mstari mkali unaogawa upande wa jua na upande wa kivuli. Ukiiweka kubwa kwenye chumba chembamba, chumba kinaonekana kipana. Ndicho nilichokuwa nakitafuta, na yeye sijui alisikia kwa nani.

Alikuja mchana, kavaa vizuri, ana futi kamba na bomba refu la kubebea karatasi. Kabla hajalifungua akavaa glavu nyeupe za kitambaa. Nikanyoosha mkono, akanizuia kwa adabu: "Dada yangu, samahani, mafuta ya vidole yanaharibu karatasi." Akanikatia kipande cha pembeni nikishike: kizito, kikavu, kina ukwaruzo kidogo. Akasema hiyo ni karatasi ya pamba, na wino wake si wa kawaida, ni wa pigimenti, haupauki haraka. Akaomba taa izimwe na dirisha lifunguliwe, nirudi nyuma hatua chache, ndipo akaikunjua picha.

Jamani, ile picha ilikuwa nzuri. Uwanja mweupe wa udongo uliopasukapasuka, miti mikavu myeusi imesimama, nyuma yake tuta la mchanga la rangi ya chungwa limejaa mpaka juu. Akanisimulia alivyolala Sahara upande wa Misri, akaamka usiku kusubiri mwanga, na kwamba ile miti iliungua moto zamani. Anaongea taratibu, hakusukumi ununue. Akanionyesha pembeni, chini ya picha, sahihi ya penseli na namba 4/25. Maana yake, akasema, kwa saizi ile zitachapwa nakala 25 tu, zikiisha hazichapwi tena, na yangu ni ya 4. Na cheti juu, chenye stika ya dhahabu.

Sasa niambieni, mtu kama huyo ungemkataaje? Utaratibu wa nakala zenye idadi upo kweli, wapiga picha wa sanaa wanautumia. Karatasi ya pamba ipo, wino wa pigimenti upo. Kila alichokisema kuhusu kazi kilikuwa sahihi. Halafu hakuja peke yake, alikuja na yule mama wa kikundi ambaye wote tunamheshimu, naye maskini alikuwa kalizwa vilevile bila kujua. Hata kutaka theluthi mbili mbele kulikuwa na sababu: printa ya saizi ile iko Dar, na kioo kisichoakisi ni cha kuagiza.

Siku ya kuleta akafika magharibi, umeme umekatika. Alizitoa kwenye gari zimeviringishwa nailoni, mbili, kila moja upana wa sentimita 150, akazifunga mwenyewe ukutani kwa mwanga wa tochi ya simu, juu kabisa, nyuma ya kaunta ambako mtu hasogei. Akasema tusifungue karatasi ya nyuma, tutaharibu udhamini. Ana haraka, basi la Dar linamngoja. Nikamalizia hela palepale.

Aliyenifumbua macho ni mgeni aliyewahi kufanya kazi Namibia. Anajaza kitabu cha wageni, akainua kichwa akauliza, "Hii Deadvlei mmeitoa wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kuwa ni Sahara, mpiga picha namfahamu. Wafanyakazi wangu wanasikiliza. Yule baba akatoa simu yake akanionyesha mti uleule, aliupiga mwenyewe: tawi refu kwake liko kushoto, kwangu liko kulia. Tapeli kaigeuza picha ya mtu ili isitambulike! Akanieleza kwa upole kwamba pale ni jangwa la Namib, miti ile ilikufa kwa kukosa maji kati ya miaka 600 na 700 iliyopita, haikuungua moto wowote, jua ndilo lililoibabua ikawa nyeusi, na haiozi kwa sababu ya ukavu. Wekundu wa mchanga ni chuma kilichoshika kutu. Nilisimama pale natamani ardhi ipasuke.

Tukaishusha. Ile sahihi ya penseli nikaipiga picha kwa karibu na simu: vidoti vya wino wa rangi. Imechapwa pamoja na picha! Karatasi nyembamba inayong'aa, imegandana na kioo kwa sababu hakuweka ule ukingo wa kadibodi unaotenganisha viwili hivyo. Nyuma ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na kwa unyevu wetu wa pwani imeshavimba. Tuta limeanza kupauka, lina rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maji. Ukisogea, ukingo wa mchanga una ngazingazi. Kijana wa studio akanipigia hesabu: upana ule ni karibu inchi 59, na hata kwa nukta 150 tu kila inchi unahitaji faili la pikseli karibu 8,900 kwa upana. Hili limenyakuliwa mtandaoni, dogo, likavutwa.

Kilichonimaliza ni saluni moja ya Ligula. Picha ileile, saizi ileile, namba 4/25.

Nilimpigia. Akasema, "Dada, sanaa haina marejesho," akakata, akanibloku.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia habari za kusameheana. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka 7, na mimi nataka aitumikie yote. Na aliyepiga ile picha kwa jasho lake kaibiwa pia, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Namba zake za simu nimeshazituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli.

Ambaye anamngoja alete mzigo: ifungue nyuma akiwepo, mchana. Ilinganishe na kipande cha karatasi alichokushikisha. Muombe faili la asili alione mtu wa studio, aliyepiga mwenyewe analo. Ipige sahihi picha kwa karibu na simu, ukiona vidoti vya wino wa rangi ujue imechapwa, si penseli. Akikataa lolote usimpe hela, na usimwache aondoke, maana huyu akishapanda basi humpati tena, na anastahili kulala ndani, alale ndani haswa.

Jalada nimefungua kituoni. Mliomlipa njooni na ujumbe wa muamala, hata kama ni laki moja, hata kama unaona aibu, tukiwa wengi hatoki. Nasikia sasa yuko Lindi, anaulizia wenye hoteli mpya. Ndugu zangu wa Lindi, akiwafikia na glavu zake msimfukuze. Mkaribisheni kiti, mumuagize chai, na mmoja atoke nje apige simu polisi.