Walituahidi Miritini, wakatutupa mjini

Nilingoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hivyo someni hivyo hivyo.

Sisi watu wa Malindi hatuna reli. Ukitaka treni ya Nairobi, kwanza uvuke Kilifi, ule foleni ya Mtwapa, kisha utafute njia ya Miritini, mbali na mji. Basi niliposikia kuna kampuni inayokupakia hapa hapa Malindi na kukushusha huko Miritini, mlangoni mwa stesheni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi, nilishukuru. Nauli yao iko juu, nikalipa, mimi na shangazi yangu ambaye goti halimpi nafasi ya kuhangaika na mizigo. Gari lenyewe sina neno nalo. Safi, viti vizima, dereva mtulivu.

Tukafika Mombasa, likaingia mjini na kusimama mbele ya stesheni ya zamani, pale Haile Selassie. Kondakta akafungua mlango. "Stesheni hii, shukeni."

Nikamwambia, "Kaka, treni ya Nairobi haiondoki hapa tangu 2017."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, si mlisema reli? Reli ndiyo hii." Na stakabadhi ninayo mkononi, imeandikwa Miritini kwa kalamu ya karani wao! Shangazi akamsihi, "Mwanangu, tufikishe tu, tutakuongeza kitu." Hakumjibu. Alichukua mkoba wa shangazi akaubwaga vumbini, gari likaondoka.

Stesheni ile naiheshimu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 imebeba wazee wetu wengi. Shangazi mwenyewe alipandia hapo gari la moshi akiwa msichana, akalala njiani, akaamkia Nairobi. Lakini siku ile alikuwa na miadi ya daktari, na treni ya alasiri haimngoji mtu.

Tukakodi teksi. Miritini nako si kufika na kupanda: mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, kisha mashine, kisha kitambulisho na tiketi. Tulikuta lango limeshafungwa. Askari wa pale, Mungu ambariki, alimtafutia shangazi kiti na maji. Tukakaa tukiisikia treni ikiondoka.

Nilikuwa tayari kusema kosa ni la kondakta mmoja, kampuni si mbaya. Hata nilifikiria kuwapa nusu ya alama kwa ajili ya gari. Kisha nikapiga simu ofisini kwao, binti aliyepokea akanijibu, "Zungumza na kondakta," akakata. Hapo nimefuta yote. Msipande. Wenye wazazi wazee ndio kabisa, msiwapandishe.

Tiketi za treni nimezisamehe. Nauli ya shangazi siisamehe, na kesho asubuhi niko mlangoni kwao na stakabadhi yangu.