TAHADHARI: Muuza vifungashio anayewaomba wauzaji wa Mombasa anwani ya nyumbani

Wenzangu mnaouzia nyumbani, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, someni hii kabla hamjatuma arbuni kwa mtu yeyote anayewauzia bahasha na stika mtandaoni. Kuna mtu, au pengine ni kundi, anayejitangaza Facebook na WhatsApp kuwa anachapisha vifungashio vyenye nembo ya biashara yako: bahasha za kaki, maboksi, stika za shukrani, na lebo za anwani ya kurudishia mzigo. Bei zake zinatamanisha. Ukishatuma arbuni, mzigo ama hauji kabisa, ama inakuja bahasha laini ya kupasuka ukiigusa. Lakini arbuni ndiyo hasara ndogo. Anachokiwinda hasa ni nembo yako, maelekezo ya nyumba yako na picha ya kitambulisho chako, kwa sababu akiwa navyo anaweza kuuza kwa jina lako, na wa kugongewa mlango ni wewe.

Jirani yangu hapa Kisauni anauza madera na leso, na wateja wake wengi wako bara. Aliagiza lebo kwa mtu huyo. Akaambiwa atume nembo iliyo safi kabisa, jina kamili, simu, na maelekezo ya kufika kwake, "ili mteja akitaka kurudisha, mzigo usipotee, dadangu." Akatuma vyote, na nusu ya bei juu yake. Mara mashine imeharibika, mara fundi amefiwa, halafu simu ikawa haipokelewi. Akasema Mungu atamlipa, akaendelea na shughuli zake. Wengi wetu huishia hapo hapo: pesa yenyewe si kubwa, na kwenda kituo cha polisi ni nauli na siku nzima ya kuketi kwenye benchi.

Ikapita miezi. Jumapili moja asubuhi akapigiwa hodi na mama mmoja kutoka Voi na vijana wake wawili, wamebeba boksi. Walikuwa wamelipia sare za harusi, madera ya rangi moja ya ukoo mzima, na ndani ya boksi walikuta matambara ya mtumba na magazeti yaliyokunjwa. Juu yake lebo nzuri ajabu: nembo ya jirani yangu, jina lake, nambari ya simu isiyo yake, na maelekezo ya nyumba hadi rangi ya geti. Harusi ilikuwa imeshapita na watu walivaa walichokuwa nacho. Yule mama hakuja kusikiliza maelezo, alikuja kuchukua pesa zake, na mimi simlaumu hata kidogo. Watu wakajaa uani, mume wa jirani yuko kazini bandarini, ikabidi mzee wa mtaa aitwe. Kilichomwokoa ni ujumbe wa M-Pesa wa yule mama. Jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamume ambaye hakuna aliyemjua, wala nambari haikuwa ya biashara.

Walipoeleza walivyonaswa, picha yote ikaonekana. Tapeli alifungua ukurasa wenye jina la kukaribiana na la jirani yangu, akabeba picha za madera yake, akaanza kuuza kwa bei ya chini kidogo. Mteja alipositasita alitumiwa picha ya boksi likiwa juu ya meza ya ofisi ya mizigo ya basi, Mwembe Tayari, lebo ikisomeka vizuri: huo mzigo wako, malizia malipo usafirishwe usiku huu. Mteja akalisoma jina kwenye lebo, akaenda kulitafuta mtandaoni, akaangukia ukurasa halisi wenye maoni ya wateja wa miaka na nembo ileile. Kwake hiyo ilitosha kuwa thibitisho. Ni sawa na mwizi aliyevaa kanzu ya imamu. Nani atamsimamisha mlangoni?

Ndiyo maana nasema arbuni ni chambo tu. Lebo mia tano ulizolipia na hukuziona, usidhani hazikuchapishwa.

Mama mmoja wa Mji wa Kale anayeuza mabuyu na achari, ambaye pia aliwahi kuagiza stika kwa mtu huyohuyo, alijiwa kwa mlango mwingine. Alitumiwa picha ya kifurushi chenye anwani yake kikiwa ofisi ya basi, na "mteja" akadai anarudisha bidhaa kwa hiyo arudishiwe pesa kabla basi halijaondoka. Yeye alicheka tu. "Mabuyu yaliyokwisha kufunguliwa niyarudishe wapi, chunguni?" Lakini muuza nguo au viatu hapo angeingia wasiwasi wa kuharibiwa jina, akatuma. Kama unakubali kurudishiwa bidhaa, pesa zitoke baada ya mzigo kufika mkononi mwako na kufunguliwa, si baada ya kuona picha.

Sasa dalili zake, kwa sababu hata mimi aliniandikia. Nilimwambia nitapita dukani nione sampuli kwa macho. Akasema duka liko Mtaa wa Biashara, karibu na feri. Karibu na feri! Aliyewahi kwenda kununua leso japo mara moja anajua Mtaa wa Biashara unatokea Barabara ya Digo, na feri iko kule mwisho wa kisiwa upande wa Likoni. Nikamuuliza nishuke wapi, akasema siku hizi duka limefungwa kwa hesabu za mwaka. Picha zake za "kiwandani kwetu Mombasa" nazo zitazameni vizuri. Wafanyakazi wamevaa makoti mazito ya baridi, na tundu za umeme ukutani si zile zetu za pini tatu za mraba. Mombasa hii tunayolala madirisha wazi, nani anafunga bahasha amevaa koti la pamba?

Kingine ni kitambulisho. Anasema anahitaji picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na PIN ya KRA, yaani nambari yako ya mlipa kodi, eti kwa ajili ya risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Hapa amechanganya ukweli na uongo kwa ustadi. Ni kweli muuzaji halali anaweza kukuomba PIN ili iandikwe kwenye ankara yako. Picha ya kitambulisho haihusiki. Bahasha hazinunuliwi kwa kitambulisho, wala stika.

Na akiona unaanza kumsukuma akurudishie arbuni, anatoa kitisho kilichowanyamazisha wengi. Kwenye orodha yake huwa anapenyeza mifuko ya plastiki ya kusafirishia mizigo, ile myepesi ya rangi rangi, na hukushawishi uichanganye kwenye oda kwa sababu "inazuia mvua". Baadaye anakwambia: nenda polisi, mimi nitawaonyesha uliagiza plastiki zilizopigwa marufuku. Wanawake wanaogopa, na si kwamba hofu yao haina msingi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Nani wa kuuza mabuyu atataka kusikia habari za milioni 2? Lakini fikirini kidogo. Aliyeitangaza, akaiuza na kuipokelea pesa ni yeye, na mazungumzo yote yako kwenye simu yako. Huyo si mtu wa kukupeleka polisi. Anachotaka ni usiende wewe. Ila tangu mwanzo plastiki hiyo usiiguse. Masika tunayaweza bila yeye.

Kwenye vifungashio sitakaa sana, kwani kila mtu ana njia yake. Mimi katoni nazipata kwa wauzaji wa jumla wanaozimaliza, nguo naikunja ndani ya karatasi ya kaki mara mbili, na selotepu napitisha pande zote za mshono maana unyevu wa Pwani huifungua gundi ya bahasha usiku mmoja. Badala ya lebo za kuchapishwa nilichongesha muhuri wa mpira. Hakuna rundo la lebo zangu lililobaki kwa mtu, na nikibadilisha simu nachonga mwingine. Kama lazima uchapishe, nenda mwenyewe kwa mchapishaji mwenye mlango na meza, lipia unachokiona, na ondoka na karatasi zilizoharibika pia.

Kwenye muhuri au lebo kuna nini ndilo la maana zaidi. Kwetu watu hawaelekezani kwa nambari za nyumba, wanaelekezana kwa alama: nyuma ya msikiti fulani, pita duka la dawa, uliza kwa mama fulani, geti la kijani. Tunadhani kwa kuwa si anwani rasmi basi haina hatari. Mimi naona ina hatari kuliko nambari, kwa sababu inamleta mgeni hadi kwenye kizingiti na jina la kuuliza mdomoni. Usiichapishe popote. Mwanamke anayeuza akiwa nyumbani na watoto peke yao mchana ana sababu zaidi ya moja ya kuificha.

Weka jina la biashara, laini ya simu ya biashara isiyo ile ya familia, na mahali pa kurudishia ambapo si kwako. Sanduku la posta linatosha. Walio kisiwani wanaweza kulipata Posta kuu, Barabara ya Digo, na msimbo wake ni 80100. Kuna pia huduma ya MPost, inayofanya nambari yako ya simu kuwa ndiyo anwani. Wengine tunakubaliana na wateja kwamba mzigo wa kurudi utaachwa ofisi ya basi na tutaufuata wenyewe kwa kitambulisho. Halafu andika kwa mkono nambari ya oda kwenye kila mzigo, na uitunze kwenye daftari. Mteja akikupigia aseme nambari, utajua kwa dakika moja kama mzigo ni wako. Kwenye ukurasa wako bandika juu kabisa nambari yako ya Lipa na M-Pesa na jina linalotokea mtu akilipa, na uwaambie wateja kwamba jina jingine lolote likitokea wasikamilishe malipo.

Kwa walioshatuma vitu vyao kwa huyu mtu: msingoje mgeni kutoka Voi. Kama umetuma pesa sasa hivi, sambaza ujumbe wote wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Ikiwa bado hajazitoa, una nafasi. Nambari yake ya ulaghai iripoti kwa 333, ni bure. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu ikatwe. Nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, hata kama arbuni ilikuwa shilingi 1,000, kwa sababu OB ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika kabla jina lako halijatumika. Afisa akikuambia hiyo ni kesi ya madeni, mwambie kwa heshima kwamba kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwenye mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Jirani yangu aliporudia maneno hayo, daftari lilifunguliwa. Malalamiko kuhusu picha ya kitambulisho yanaweza pia kupelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data, chini ya sheria ya 2019.

Mnaniuliza inboksi kwa nini siweki nambari ya huyu mtu hapa. Kwa sababu ameshazibadilisha, na laini alizotumia zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu aliowatapeli. Sitaki mwanamke mwingine apigiwe simu za matusi usiku kwa jambo asilolijua. Nambari ziko polisi.

Na kama umepokea boksi lenye lebo ya muuzaji unayemfuatilia na ndani kuna takataka, mpigie kwanza kwa simu iliyo kwenye ukurasa wake, si iliyo kwenye lebo. Lebo hiyo msiibandue wala msilichome boksi. Ipigeni picha ikiwa palepale, pamoja na risiti ya basi, na mvihifadhi vyote hadi mtakapoandikisha kituoni.